Kupasua na Kuunganisha: Mawe ya Katanga

Sisi tunaojifunza Kiswahili hapa Riyadh na Jeddah tuna maneno mawili ya Kiarabu kwa jambo hili: inshitar, kupasuka kwa kiini cha atomu, na indimaj, kuungana kwa viini. Magazeti ya Kiswahili mara nyingi husema tu "bomu la nyuklia". Hapo tofauti inapotea, na pamoja nayo sehemu ya historia ya wasemaji wa Kiswahili wenyewe.

Bomu la kwanza lilikuwa la kupasua. Kiini cha urani 235 kikipigwa na nyutroni hupasuka, hutoa nguvu na nyutroni nyingine, nazo hupasua viini vya jirani. Sehemu kubwa ya urani waliyotumia Wamarekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mawe yake yalikuwa ya ajabu: mengine yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali Marekani na Kanada jiwe lisilofika hata asilimia moja lilihesabiwa zuri. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York, zikakaa ghalani hadi jeshi la Marekani lilipozinunua Septemba 1942. Lugha ya kazi migodini Katanga ilikuwa Kiswahili. Sengier anajulikana; waliochambua mawe yale kwa mikono ni nadra kutajwa.

Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilibeba kilo 64 za urani. Haikupasuka hata kilo moja kamili, na bado nguvu yake ililingana na tani 15,000 hivi za TNT.

Bomu la haidrojeni huunganisha viini vyepesi, kama lifanyavyo jua. Lakini viini hivyo husukumana, havikubali kuungana bila joto la mamilioni ya digrii, na kinachotoa joto hilo ni bomu la kupasua lililowekwa ndani yake, mfano wa kiberiti. Tarehe 1 Novemba 1952, huko Enewetak katika Pasifiki, mlipuko wa namna hii ulifikia karibu mara 700 ya ule wa Hiroshima. Kisiwa cha Elugelab kikatoweka.

Wapo wanaodhani kuunganisha kumechukua nafasi ya kupasua. Hatukubaliani nao. Jaribio la Bikini la tarehe 1 Machi 1954, la tani milioni 15, lilipata sehemu kubwa ya nguvu zake kwa kupasuka kwa urani iliyozungushiwa bomu, ikipigwa na nyutroni za muungano. Ndiyo maana majivu yake yalikuwa na sumu kali. Yaliwaangukia watu wa Rongelap na wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa chomboni; mmoja wao alifariki Septemba.

Mwaka huo Shinkolobwe ilikuwa bado inachimbwa, na mnunuzi alikuwa yuleyule.