Msitu Ulioishia Nusu

Mtu akikwambia kuna filamu ya katuni ya dakika kama 29, isiyo na maongezi, inayokwenda na muziki wa Mrusi mmoja wa karne ya 19, huenda ukadhani ni mambo ya watoto, au ya wasomi wenye nafasi. Mimi nasema ile ni kesi. Na mshtakiwa ni yule yule aliyeitengeneza.

Jina lake Tezuka Osamu, Mjapani. Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928, siku kumi na tano tu kabla Mickey Mouse hajaonyeshwa New York kwenye Steamboat Willie. Akakulia Takarazuka, akiwa mpenzi wa wadudu na sinema. Aprili 1945, Osaka imekwisha kupigwa mabomu, kijana huyu aliingia sinema kutazama katuni ya propaganda ya jeshi la majini. Propaganda ni propaganda, lakini michoro ile ilimtoa machozi, akaapa kwamba siku moja naye atafanya picha zitembee. Vita vilipokwisha na filamu za Marekani kuingia Japani, Bambi ya Disney ikammaliza kabisa. Inasemekana aliitazama zaidi ya mara themanini. Mara themanini, bwana!

Alisomea udaktari, akafaulu, lakini mgonjwa wake akawa karatasi. Akachora vitabu vya hadithi za picha, zile ambazo Wajapani huziita manga, mpaka akawa tajiri. Hela hizo akazimwaga kwenye studio ya katuni, Mushi Production. Na hapa ndipo penye kesi.

Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu, yule mtoto wa chuma ambaye Wamarekani walimwita Astro Boy. Nusu saa kila wiki, sehemu 193 hadi 1966. Sasa piga hesabu. Sinema hupita picha 24 kwa sekunde moja. Disney alichora michoro 12 mpaka 24 kwa kila sekunde hiyo. Nani ataweza kazi hiyo kila wiki? Tezuka akakata njia: michoro minane au pungufu, mdomo peke yake unachezacheza huku uso umetulia, na mchoro wa mbio za wiki iliyopita unatolewa kabatini utumike tena wiki hii. Tena akaiuza kwa bei ya chini ya gharama, akitegemea fidia kwenye picha za kubandika na vitu vya watoto.

Ilipendwa vibaya sana. Bila yeye huenda tusingekuwa na katuni za Kijapani tulizokua nazo. Lakini kumbe bei ile ya kutupa ikawa ndiyo bei. Wachoraji wa studio nyingine nao wakabanwa humo humo. Mushi ikafilisika mwaka 1973. Miyazaki Hayao, fundi mwingine mkubwa, aliandika waziwazi mwaka 1989, Tezuka akiwa amekwisha kufariki, kwamba kwenye katuni marehemu aliacha desturi mbaya. Sisi wa kalamu tunaielewa hali hiyo. Ukikubali kuandika hadithi ya kila wiki kwa hela ya nauli, mwenzako atakayekuja kesho ataambiwa, mbona yule alikubali?

Turudi msituni. Mwaka 1987 Tezuka alitoa Mori no Densetsu, yaani Ngano ya Msitu. Muziki ni Simfoni ya Nne ya Tchaikovsky, iliyopigwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1878. Ina sehemu nne, naye alikusudia kuchora zote nne. Alimaliza ya kwanza na ya nne.

Katika ya kwanza, mkata miti anapambana na kindi mdogo, wa aina ile yenye ngozi ya kutandaza na kuelea hewani. Ajabu ni jinsi inavyochorwa. Inaanza na picha zisizotembea. Halafu zinajongea kama michoro ya mwanzo ya kina Émile Cohl na Winsor McCay. Halafu nyeusi na nyeupe, halafu rangi zinafurika, ukumbuke Flowers and Trees ya Disney ya mwaka 1932, nayo ilikuwa ya miti! Historia nzima ya katuni inapita mbele yako huku unamwonea huruma kindi. Mimi niliirudia mara nne usiku mmoja.

Sehemu ya nne ndiyo iliyonikalisha kimya. Viumbe wa msituni wamechorwa kwa mtindo wa Disney, laini, kila kiungo hai. Wakata miti na msimamizi wao, mwenye sura ya Hitler, wamechorwa kwa ule mtindo wa televisheni, mkavu, wa kuruka-ruka. Yaani Tezuka kachukua uvumbuzi wake mwenyewe akamvika adui! Kuna watakaosema ni utani tu wa fundi. Mimi sikubali. Mtu hampi Hitler mkono wake mwenyewe kwa utani. Mwisho sikusimulii, uitafute. Ila ujue kwamba sehemu hiyo ya simfoni Tchaikovsky aliijenga juu ya wimbo wa kienyeji wa Kirusi, na wimbo wenyewe unahusu mti, mti wa bechi uliosimama kondeni.

Tarehe 9 Februari 1989 saratani ya tumbo ilimchukua, akiwa na miaka 60, kazi kadhaa zikiwa mezani hazijakwisha. Mwanawe, Makoto, naye mtengeneza filamu, akaichukua simfoni ile na kuimaliza sehemu ya pili, ikaonyeshwa Hiroshima mwaka 2014. Ya tatu Tezuka hakuifikia. Ndiyo ile ambayo wapiga fidla huweka pinde chini wakadonoa nyuzi kwa vidole, tik-tik-tik, kama matone juu ya majani. Huwa naisikiliza nimefumba macho, nikimchorea kindi tawi la kutua.