Nani Alikwambia Worldcoin Iko Sawa?

Wasee, turudi kidogo Julai 2023. Pale KICC Nairobi foleni ni ndefu vibaya, watu wanangoja mashine ya duara iwapige picha ya mboni za macho, kisha wapewe sarafu 25 za kidijitali za Worldcoin. Hiyo ilikuwa kama shilingi 7,000. Binamu yangu alikuwa anafanya mjengo huko. Akanipigia: "We ndiye msomi wetu, hii kitu iko sawa?" Nilikuwa bado chuoni (nishatoka, hiyo ni stori ya siku nyingine). Nikapekua Google dakika kumi, nikamjibu, "Iko sawa, imesajiliwa na serikali." Akaenda.

Majuzi nimerudia nilichosoma siku hiyo na nimeona aibu. Karibu kila ukurasa ulisema vilevile: picha ya jicho inageuzwa kuwa nambari, halafu inafutwa, faragha yako iko salama. Maneno hayo yalitoka kwa kampuni yenyewe. Kurasa kumi, shahidi mmoja! Hapa Muhuru Bay mnunuzi wa mbuta akija na mizani yake, babangu huijaribu kwanza kwa pakiti ya unga ya kilo mbili. Mimi sikuwa nimeijaribu na chochote.

Na cha kupimia kilikuwepo. Aprili 2022, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya foleni ile, MIT Technology Review ilikuwa imechapisha uchunguzi mrefu uliogusa Kenya pia. Waandishi waliongea na waliopigwa picha na hata na waliolipwa kuwasajili. Walikuta data inayochukuliwa ni nyingi kuliko ilivyokubaliwa wazi, na watu hawaelewi wanakubali nini. Ilikuwa ndefu, ikanishinda. Kusema ukweli.

Cheti cha usajili nacho kilikuwa cha kweli. Lakini chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kusajiliwa maana yake serikali inajua unashika data za watu. Hata shule na hospitali husajiliwa. Si muhuri wa kusema uko safi. Mimi niliona neno "serikali" nikafunga simu.

Agosti 2, 2023 serikali ikasimamisha shughuli zote. Wakenya takriban 350,000 walikuwa washajisajili, binamu akiwa mmoja wao. Katiba Institute na wenzao wakaenda kortini, na Mei 5, 2025 Mahakama Kuu ikaamua: idhini iliyopatikana kwa kuwashawishi watu na sarafu haikuwa halali, data ifutwe ndani ya siku saba, Kamishna wa Data akisimamia.

Binamu alinipigia jioni hiyo. "Sasa nani ataona ikifutwa?" Nikamwomba anipe saa moja, nikaitafuta hukumu yenyewe, nikampigia na kumsomea aya hiyo polepole. Akanyamaza, kisha akasema, "Soma tena."