Mjigeuzi: Istilahi ya Mtu Anayebadili Umbo

Riwaya za fantasia zimejaa watu wanaoweza kuwa mnyama kwa hiari yao kisha wakarudi kuwa watu. Katika Kiswahili hatujakubaliana kuwaita nani. Mfasiri mmoja ataandika "mchawi", mwingine "kigeugeu", wa tatu ataeleza kwa sentensi nzima kila mhusika huyo anapojitokeza. Napendekeza tuwaite wajigeuzi, na kila mmoja wao mjigeuzi.

Kazi itakayotupa mifano ni *Deadhouse Gates*, riwaya ya Steven Erikson wa Kanada iliyotoka mwaka 2000. Ni ya pili katika mfululizo wa vitabu kumi ulioanza mwaka 1999 na kukamilika mwaka 2011. Erikson alisomea akiolojia na anthropolojia, na ulimwengu wa vitabu hivyo aliubuni pamoja na rafiki yake Ian C. Esslemont. Katika riwaya hii watu wanaobadili umbo wanamiminika jangwani kufuata njia ya siri, kila mmoja akitumaini kufika kwanza kwenye lango litakalompandisha hadi daraja la miungu. Njiani wanararuana. Miungu nayo ina ugomvi wake: mtawala wa milki ya Kivuli anamtumia kuhani wake, Iskaral Pust, kuwapoteza wasafiri hao kwa njia ya uongo.

Erikson amewagawa watu hawa makundi mawili. *Soletaken* hugeuka mnyama mmoja: dubu, chui milia, hata joka. *D'ivers* ni mtu mmoja anayegeuka wanyama wengi kwa wakati mmoja, huku nafsi yake ikitawanyika katika miili yote. Gryllen ni wa kundi hili la pili. Akibadilika huwa panya wasio na idadi, na panya hao ndio wanaomla Kulp, mwanasihiri wa jeshi aliyekwisha kunusurika hatari nyingi.

Tuyapime sasa maneno yaliyopo. Kigeugeu lina mzizi tunaoutaka, lakini maana yake imekwisha kukaa: ni mtu asiye na msimamo, anayeahidi asubuhi na kukana jioni. Ukimwita dubu wa Erikson kigeugeu, msomaji atatafuta usaliti ambao haumo. Mtu-simba linaeleweka vizuri, hasa kwa anayekumbuka mauaji ya Singida ya miaka ya 1940 yaliyohusishwa na watu-simba. Hata hivyo linamtaja mnyama mmoja tu, nasi tunahitaji jina linalowafaa dubu, panya na joka kwa pamoja.

Mchawi ndilo gumu zaidi. Kwetu neno hilo ni tuhuma kabla halijawa jina la kazi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yameumizwa na moshi wa kuni. Neno lenye uzito huo halifai kumwagwa ovyo juu ya kila mhusika wa kubuni, mwema na mbaya. Kwa mtu kama Kulp, anayelipwa na jeshi kwa ujuzi wake, naona mwanasihiri linatosha: limejengwa kama mwanajeshi na mwanamuziki, nalo linataja fani bila kuhukumu. Mtu anayebadili umbo naye aitwe kwa tendo lake.

Tendo hilo Kiswahili kinalipambanua vizuri. *Geuka* halisemi nani aliyesababisha. *Geuzwa* linasema kuna mwenye nguvu mwingine. Katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani na jini Huria, na kugeuzwa huko ni adhabu. *Jigeuza* linamweka mtendaji na mtendwa katika mwili mmoja: yeye ndiye aliyetaka, yeye ndiye aliyebadilika. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mtu aliyerogwa na mtu mwenye uwezo, na silabi moja, *ji*, inaibeba yote. Kutoka *jigeuza* tunapata mjigeuzi, kama *jivuna* linavyotupa mjivuni. Uwezo wenyewe utakuwa ujigeuzi. *Soletaken* atakuwa mjigeuzi pweke, na *D'ivers* mjigeuzi kundi.

Erikson ana kitenzi kimoja cha kuingia katika umbo la mnyama na kingine cha kurudi kuwa mtu. Neno la pili tunalo tayari: *kujirudi*. Tunalitumia kwa aliyepandwa na hasira akatulia, au aliyepotoka akarejea katika mwenendo mwema. Kwa mjigeuzi linasema mwili umerudi na akili imerudi pamoja nao. Akili ndiyo inayokuwa hatarini. Treach, shujaa wa kale anayesimuliwa katika *Memories of Ice*, kitabu kingine cha mfululizo huo kilichotoka mwaka 2001, alijigeuza chui milia akadumu katika umbo hilo karne nyingi mpaka akausahau utu wake. Anauawa akiwa mnyama, kisha anapanda kuwa mungu wa vita. Sentensi "Treach alijigeuza, hakujirudi" inaeleza msiba wake kwa maneno matatu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Kiswahili kinampa mfasiri bure. Mtu na mnyama wako katika ngeli moja, ya A-WA. Kiingereza humlazimisha mwandishi kuamua kama dubu ni "yeye" au "kitu". Kwetu "aliunguruma akaruka" inamfaa mtu na inamfaa dubu, na nafsi haivunjiki umbo linapobadilika. Mjigeuzi kundi naye ana sarufi yake tayari: "Gryllen alisimama mbele yao. Walimvamia Kulp kutoka kila upande." Mabadiliko yametokea kati ya *a-* na *wa-*, bila neno la kueleza. Mfasiri asiogope wingi huo wala asiusahihishe kuwa umoja kwa kudhani ni kosa la kisarufi. Ndio unaomwonyesha msomaji kwamba mtu mmoja sasa ana miili mingi.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya: mjigeuzi kwa mtu, ujigeuzi kwa uwezo, kujigeuza na kujirudi kwa safari ya kwenda na kurudi, pweke na kundi kwa aina mbili za Erikson. Geuzwa tuliache kwa waliorogwa kama Hasidi na Mwivu, na mchawi tuliandike pale tu ambapo mhusika mmoja anamtuhumu mwenzake.