Adabu ya Sanaa: Geisha wa Kyoto, Siti binti Saad na Waimbaji wa Nakuru

Katika Nakuru, mji uliozaliwa na reli mwaka 1900, mwanamke aimbaye usiku mbele ya wanaume aghalabu huhukumiwa kabla hajasikilizwa. Na hukumu hiyo, isiyochunguza sauti yake wala ujuzi wake bali saa arudiyo nyumbani na watu anaowatumbuiza, ndiyo nikusudiayo kuipinga hapa kwa ushahidi wa Japani na wa Unguja.

Wageni wengi humdhani geisha, msanii wa Japani atumbuizaye karamuni, kuwa kahaba aliyevikwa hariri, ilhali historia ya nchi yake yakanusha. Wa kwanza kuitwa kwa jina hilo walikuwa wanaume, wapiga ngoma na wachekeshaji wa karamu. Wanawake waliishika kazi hiyo katikati ya karne ya 18, na mwaka 1779, katika mtaa wa Yoshiwara wa mji ambao leo ni Tokyo, ikawekwa ofisi ya kuwasajili na kuwazuia wasishindane na makahaba wa mtaa ule. Hata sheria ya mwaka 1956 ya kukomesha ukahaba ilipokwisha kushika nguvu zake zote mwaka 1958, madanguro yalifungwa, nyumba za geisha zikabaki wazi.

Msichana wa Kyoto atakaye kazi hii, ambaye siku hizi sharti kwanza amalize elimu ya lazima, huingia katika nyumba ya mlezi akiwa na umri wa miaka 15 au zaidi kidogo, na kwa muda wa miaka mitano hivi hufunzwa kucheza, kuimba, kupiga ngoma na shamisen, ala ya nyuzi tatu, kuandaa chai kwa taratibu zake, kuketi na kuinuka kwa staha, na kumsemesha kila mgeni kwa lugha impasayo. Hufungamanishwa na dada mkubwa wa kazi hiyo kwa kunywa naye sake, kileo cha mchele, hupewa jina jipya, na afikapo miaka 20 hivi ukosi wake mwekundu hubadilishwa kwa mweupe, ndiyo alama ya kuhitimu. Zamani ujira wake ulihesabiwa kwa vijiti vya udi vilivyoungua wakati wa karamu, maana mteja alilipia wasaa wa msanii. Walakini njia hiyo haikuwa na usafi wote: kabla ya Vita Vikuu vya Pili mabinti wengi wa mafukara waliuzwa wangali watoto, wakafungwa kwa deni la chakula na mavazi, na wengine wakatolewa kwa matajiri pasipo ridhaa yao. Kwa hiyo niisifuyo ni taaluma, na utumwa ule naulaani.

Taaluma pasipo minyororo hiyo tunaiona Unguja. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 kwa wazazi wenye asili ya utumwa, na aliyeitwa Mtumwa utotoni, alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Lakini alipohamia mjini mnamo 1911 sauti peke yake isingalimfikisha popote, lau Ali Muhsin, mwanamuziki wa taarabu, asingalimpokea na kumfunza uimbaji. Wenye kiburi cha nasaba walimkejeli kwa asili yake na sura yake. Naye mwaka 1928 akaenda Bombay pamoja na wenziwe kurekodi sahani za santuri, hata alipofariki mwaka 1950 jina lake lilikuwa limeenea pwani nzima, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Binti wa mitaa ya Nakuru, Bondeni au Kaptembwa, mwenye kipawa kama hicho, akiikosa nafasi ya kwaya ya kanisa, humwendea nani? Aghalabu humwendea mwenye kilabu, ambaye humpa kipaza sauti bila mwalimu na bila mkataba, kisha sisi tusiomfunza ndio tunaomlaumu. Chuo Kikuu cha Kabarak kinafundisha muziki, cha Egerton kipo karibu, Njoro, na Nakuru yenyewe imekuwa jiji tangu mwaka 2021: naviomba vyuo hivi na serikali ya kaunti wafungue madarasa ya jioni kwa waimbaji hawa, wafundishwe sauti, ala, adabu ya jukwaani na haki zao za malipo, na mwenye kilabu alazimishwe kuandika mkataba kabla binti hajapanda jukwaani.