Kumbukumbu na Vyombo Vyake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini walikuwa wakiwaza juu ya mifugo, fedha na bidhaa, lakini neno lao lafaa pia kwa mali nyingine isiyonunuliwa sokoni, nayo ni kumbukumbu. Sauti ya mzee aliyekwisha kufa, uso wa bibi arusi siku ya arusi yake, hatua za kwanza za mtoto: mambo haya yakipita hayarudi. Tangu karne ya 19 binadamu amejaribu kuyatia katika vyombo ili yasipotee. Katika insha hii nataka tutazame pamoja, ewe msomaji, historia ya chombo kimoja miongoni mwa hivyo, yaani kinasa cha DVD cha nyumbani, na jinsi yaliyonaswa nacho yanavyohamishiwa katika kompyuta na kuhaririwa. Historia yenyewe ni fupi, lakini funzo lake ni refu.

Kwanza hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alifaulu kunasa sauti katika karatasi nyembamba ya bati na kuisikiliza tena. Picha za televisheni zilikawia sana. Hata mwaka 1956 ndipo kampuni ya Ampex ilipoonyesha mjini Chicago mashine iliyoweza kunasa picha hizo vizuri katika ukanda wa sumaku wenye upana wa sentimita 5 hivi. Bei ya mashine ilikuwa makumi ya maelfu ya dola, na kanda zake zilikuwa ghali. Kwa sababu hii vituo vya televisheni vilizoea kufuta kanda na kunasa mambo mengine juu yake.

Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilipoteza kwa njia hiyo vipindi vingi vya miaka ya 1960, miongoni mwao makumi ya vipindi vya mchezo uitwao Doctor Who. Lakini sikia ajabu iliyotokea. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyokuwa vimepotea vya mchezo huo vimeonekana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Nakala za filamu zilizopelekwa ng'ambo ndizo zilizohifadhi kile ambacho wenyewe walikuwa wamekifuta nyumbani. Liweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Kunasa picha nyumbani kulienea baada ya Sony kutoa Betamax mwaka 1975 na JVC kutoa VHS mwaka 1976. Kanda za video zilileta furaha kubwa, lakini zilikuwa na kasoro mbili. Ukanda uliguswa na mashine kila ulipochezwa, basi ukachakaa; na nakala iliyotolewa katika nakala nyingine ilikuwa hafifu kuliko mama yake, kama mwangwi unaodhoofika kila unapopiga mlima mwingine.

Diski ya DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ilionekana kuwa imeyaponya maradhi hayo. Ni sahani ya sentimita 12 tu, nayo husomwa kwa mwali mwekundu wa leza bila kuguswa. Picha hugeuzwa kuwa tarakimu, na nakala kamili ya tarakimu haina upungufu wowote. Mwishoni mwa mwaka 1999 kampuni ya Pioneer ilitoa nchini Japani kinasa cha kwanza cha DVD cha nyumbani. Mwali wa leza uliunguza alama ndogo mno katika tabaka la rangi lililomo ndani ya diski. Diski ya kawaida ilichukua gigabaiti 4.7: saa moja ya picha safi sana, au saa mbili za picha nzuri, au hata saa sita, mtu akikubali picha yenye ukungu. Baada ya miaka michache bei ilishuka, na mashine hizo zikaingia katika nyumba nyingi za Japani, Ulaya na Marekani. Kwetu Afrika Mashariki wengi waliijua diski kwa mlango mwingine, wapiga picha wa arusi walipoacha kutoa kanda wakaanza kutoa diski.

Watu wakadhani safari imefika mwisho. Wengi walihamisha kanda zao katika diski, kisha wakatupa kanda. Lakini utawala wa chombo hiki haukudumu. Hapa Kenya, mwaka 2015, matangazo ya televisheni yaliondolewa katika mitambo ya zamani ya analogi na kuhamishiwa katika mitambo ya kidijitali, na vinasa vya zamani havikuweza tena kudaka vituo vyenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza mashine za kanda za VHS. Kompyuta nyingi nazo zilianza kutengenezwa bila mahali pa kutilia diski. Hivyo chombo kinaweza kuwa kizima kabatini, na mlango wa kukiingilia umefungwa.

Kama wadhani natia chumvi, msomaji, tazama yaliyowapata Waingereza. Mwaka 1086 Mfalme William aliandikisha mali na ardhi ya Uingereza katika kitabu kinachoitwa Domesday. Mwaka 1986, baada ya miaka 900, BBC ilitengeneza Domesday mpya. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao wakiwa wanafunzi kama wewe, wakiandika habari za vijiji vyao na kupiga picha. Habari hizo zilitiwa katika diski kubwa za leza zilizohitaji mashine ya namna yake. Haikupita miaka 20 kabla mashine hizo hazijawa adimu, na mwaka 2002 wataalamu walikuwa wakitoa jasho kutafuta njia ya kuzisoma. Mwaka 2011 BBC iliweza kuyaweka maandishi na picha za wanafunzi wale katika intaneti, baada ya kazi nyingi. Lakini kile kitabu cha 1086 kilikuwa kikisomeka muda wote huo, kwa macho na taa tu.

Jambo hili silisemi kwa kusoma vitabuni peke yake. Mwaka 2007 mjomba wangu alirudi kutoka Dubai na kinasa cha DVD. Siku moja alimketisha bibi yetu mbele ya kamera, akamwomba asimulie jinsi ukoo wetu ulivyohama wakati wa njaa. Bibi alisimulia kwa muda wa saa moja na nusu. Mwaka 2011 akafariki, na baada ya miaka miwili umeme ulipanda ghafula ukaiunguza mashine. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu niliitia diski ile katika kompyuta. Kompyuta ikaniambia kwamba diski ni tupu.

Haikuwa tupu. Kinasa cha DVD huandika kwanza picha, na mwisho kabisa, mwenyewe akiamuru, huifunga diski kwa kuandika orodha ya yaliyomo mahali ambapo mashine nyingine zitaitafuta. Mjomba hakuifunga. Kwa muda wa miezi kadhaa nilitafuta mashine ya aina ile ile, hata nikaipata kwa fundi mmoja mzee. Tukaitia diski, tukabonyeza, tukangoja. Kisha nikaipeleka tena kwenye kompyuta, na bibi akatokea, akimwambia mjomba asimame upande wa dirisha apate kumwona.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Ndani ya diski iliyofungwa mna sanduku la faili liitwalo VIDEO_TS, na picha zimo katika faili za VOB, ambazo kila moja haizidi gigabaiti 1 hivi. Kwanza sanduku lote hunakiliwa katika kompyuta jinsi lilivyo, bila kubadili kitu. Wengi hukosea hapa: huzigeuza picha ziwe za mtindo mwingine siku ile ile, wakapoteza usafi wake, kisha wakatupa diski. Nakala ya asili iwekwe kando isiguswe, na kazi ifanywe katika nakala ya pili.

Kuhariri nako kuna siri yake. Diski hizi hutumia mtindo uitwao MPEG-2, ambao hauhifadhi kila picha kamili. Katika picha 25 za kila sekunde, moja au mbili tu huwa kamili, na nyingine husema tu ni nini kilichobadilika. Kwa hiyo ukikata katikati, zinazofuata hukosa pa kusimamia. Programu nzuri hukata penye picha kamili, au huzitengeneza upya zile chache zilizo kando ya mkato, nyingine ikiziacha kama zilivyokuwa.

Nilipohariri masimulizi ya bibi nilitoa kelele za mwanzo na mahali alipokwenda kunywa maji. Lakini mahali pamoja sikuweza kupatengeneza. Diski ilikuwa imekaa miaka mingi karibu na dirisha, na jua liliharibu rangi yake upande mmoja. Hapo bibi anaanza kutaja kijiji alikozikwa babu yake. Uso unavunjika vipande vipande, sauti inakatika, na anaporudi amekwisha kutaja. Nimewauliza wazee wote wa ukoo walio hai. Hakuna anayelijua jina lile. Kama diski ingalinakiliwa mwaka 2007, tungalilijua leo.

Basi, msomaji, usiulize ni chombo gani kidumucho milele, maana hakipo. Ukanda ulidhaniwa hivyo, na diski pia, na kompyuta uliyo nayo leo itapitwa vilevile. Kumbukumbu huishi kwa kuhamishwa, kama moto unavyoishi kwa kupokezwa kutoka jiko hadi jiko. Kama nyumbani kwenu kuna diski katika sanduku, zitoe wiki hii. Mwulize baba au shangazi ni za nini, andika jina na tarehe, zinakili, kisha peleka nakala moja katika nyumba nyingine. Ndiyo hekima tuliyoiona Jos: kilichofutwa kwao kilipona ugenini. Na ukimpata mzee anayekumbuka, msikilize na kuandika kwa kalamu pia. Karatasi nayo ni chombo, na haihitaji umeme.