Mali Bila Daftari: Nasaba za Usambara na Sisi



Nilipokuwa kidato cha tatu, daftari langu la historia lilisifiwa na walimu. Jumamosi tulishuka ufukoni Raskazone, nami nikawaonyesha wenzangu mahali jeshi la Waingereza na Wahindi, watu wapatao 8,000, liliposhuka Novemba 1914, likapigwa na askari wa von Lettow-Vorbeck na kurudi melini. Likizo ile nikaenda kwa bibi yangu Vugha. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, baba wa babu yako ni nani?" Nikatazama chini.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye kitabu *Habari za Wakilindi*. Mtungaji wake, Abdallah bin Hemedi, alipata kukaa kwa Semboja wa Mazinde, na baadaye akawa Liwali wa Tanga wakati wa Wajerumani. Alikiandika kwa Kiswahili, na misheni ya Magila ikakipiga chapa kwa sehemu kabla ya vita ile ya 1914. Mwaka 1962 J.W.T. Allen alikitoa tena kikiwa kizima.

Humo tunasoma kwamba Mbegha, mwindaji wa Ngulu, alikuwa kigego, yaani aliota kwanza meno ya juu, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akahamia Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, nao wakamtawaza. Kizazi chake kikatawala Vugha. Mmisionari Krapf alipofika mwaka 1848, alimkuta Kimweri ye Nyumbai katika kiti.

Mwaka 1862 Kimweri alifariki. Mjukuu wake Shekulwavu akashika Vugha, naye Semboja, mwana wa Kimweri, akampinga kwa bunduki alizopata katika biashara ya misafara. Nchi ikaingia vitani, na watu wengi wakauzwa utumwani. Tukumbuke basi kwamba mwandishi wetu alikula chumvi ya upande mmoja. Kitabu chake ni hazina, lakini si hukumu ya mwisho. Miaka ya 1960 mwanahistoria Steven Feierman alizunguka vijiji vya Usambara akiwasikiliza wazee, na katika kitabu chake cha 1974 alionyesha kwamba habari hiyohiyo ya Mbegha husimuliwa kwa namna nyingi.

Mambo haya si ya kale tu. Waingereza walipomrudisha Mkilindi kitini Vugha mwaka 1926, swali lilikuwa lilelile: nani mtoto wa nani? Uchifu ulifutwa mwaka 1963, lakini swali halikufutwa. Katika kazi yangu ya serikali nimeketi mbele ya ndugu wawili wanaogombea shamba moja, kila mmoja akitaja mababu kwa ufasaha, na majina hayalingani. Mzee aliyejua ukweli amekwisha kuzikwa. Hapo faili langu halina msaada wowote.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi vijana, likizo hii nunueni daftari moja. Andikeni majina ya mababu na ya mabibi pia, kwani aghalabu upande wa mama husahauliwa. Andikeni walitoka wapi, walizikwa wapi, na ni nani aliyewasimulieni, na tarehe. Akitokea mzee mwingine mwenye kauli tofauti, msimfute wa kwanza. Andikeni zote mbili. Na mambo ya aibu, kama vile nani aliuzwa na nani aliuza, msiyaruke.

Mimi nilirudi Vugha na daftari langu baada ya miaka mingi, nikiwa nimekwisha kuhitimu Chuo Kikuu. Bibi alikuwa hai, lakini kumbukumbu ilikuwa imemtoka. Alinipa majina manne, na la tano akalitafuta mpaka akalala. Ukurasa huo bado ni mtupu. Nyinyi wenye bibi zenu msingoje kuhitimu.