Lubunga na jiko: namna wazee wetu walivyokula

Wanafunzi wetu wakisikia neno lubunga, wengi wanafikiri ni baraza la kukata maneno tu. Ni kweli, kwa Wabembe wa Fizi maneno ya kijiji yalikatwa pale. Lakini watu hawakati maneno na njaa. Jioni kila mama aliyepika alituma sahani yake lubunga: bugali na sombe, ao samaki wa ziwa, ao nyama ya pori kama wawindaji walikuwa na bahati. Wababa walikula pamoja, wazee wakitangulia kunawa mikono na kuchagua, vijana wakifuata. Mama hakukaa pale. Yeye alikula jikoni, karibu na mafiga, pamoja na mabinti na watoto wadogo.

Kwa hiyo tukiuliza wazee walikula nini, lazima tuseme kwanza ni mzee gani: wa lubunga ao wa jikoni.

Kwa upande wa nyama, jibu ni rahisi: mzee mwanaume alipata zaidi. Mnyama akikatwa, kila sehemu ilikuwa na mwenyewe, na sehemu nzuri zilikwenda kwa wakubwa. Firigisi ya kuku ilikuwa ya baba, hapa kwetu na kwa majirani wengi. Tena katika sehemu nyingi za Kivu mwanamke alikatazwa kuku na mayai. Sababu walizotoa ni kwamba hatazaa, ao mtoto atazaliwa na kasoro. Mimi ninafundisha, na wanafunzi huniuliza: mbona yai halikumdhuru baba, ambaye naye alihitaji watoto? Sijasikia mzee mmoja aliyejibu swali hilo vizuri. Nyama ilikuwa kidogo, na waliotoa sheria ndio waliokaa karibu na sahani. Mama aliyemaliza kuzaa, ile sababu kwake ilikuwa imekwisha. Wengine walianza kula, lakini wengine hata leo wanakataa yai, mdomo ulishazoea kukataa.

Lakini tusikimbie kusema kwamba mwanaume alikula vizuri na mwanamke vibaya. Nyama haikupatikana kila siku. Kila siku kulikuwa na majani, uyoga, ndagala, maharagi, karanga, mafuta ya mawese, na hivi vyote vilipita katika mikono ya mama. Yeye alijua shamba, alijua uyoga gani ni sumu, alijua akiba itafika mwezi gani. Alionja akipika. Mama mzee ambaye hana nguvu ya kulima tena alibaki na kazi jikoni: kumenya, kupepeta, kulisha wajukuu. Mahali penye kazi yake, chakula kilikuwa karibu.

Mzee mwanaume hakujua kupika, na ingekuwa haya kwake kuonekana anashika mwiko. Ni hapa lubunga ilikuwa na maana kubwa ambayo tunaisahau. Mjane mwanaume alikula lubunga. Mgeni alikula. Mtu ambaye shamba lake liliharibika alitia mkono katika sahani ya ndugu yake, na hakuna aliyehesabu. Sahani zilikuwa za nyumba mbalimbali, lakini zikifika pale zilikuwa za wote.

Mambo haya hayakuvunjika siku moja. Uasi wa 1964 ulitawanya vijiji vya Fizi, na wengine walikaa porini miaka mingi. Kisha ikaja vita ya 1996. Mbuzi na kuku waliporwa, watu walivuka Tanganyika. Kule Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka ule wa 1996, chakula kiligawanywa kwa karatasi ya familia, kwa hesabu ya watu: unga, maharagi, mafuta, chumvi. Koko mwanamke alihesabiwa sawa na koko mwanaume. Hakuna baraza la wazee lililowahi kuamua hivyo. Ilikuja na karatasi. Kila familia ilipika yake na kula yake.

Wengi waliporudi, walijenga nyumba kando ya barabara, Baraka na kwingine, na mahali pengi lubunga haikujengwa tena, ao ilijengwa kwa mikutano tu, bila sahani. Wamama wengine wanasema ni vizuri, hawalazimishwi tena kutuma sehemu bora nje. Siwapingi. Lakini angalieni mzee aliyefiwa na bibi yake, watoto wakiwa mbali. Mama mjane wa umri wake bado anachuma sombe, anatwanga, anakula na wajukuu wa jirani. Yeye ananunua mkate na chai sokoni asubuhi, akipata feza, na jioni anakaa mlangoni akingoja kama kuna nyumba itakayokumbuka kumletea sahani.